Vumbi la Gari la Matangazo

Gari la matangazo la baraza la mji lilisimama kwenye njia panda ya mafundi viatu, mahali linaposimama kila Jumatatu asubuhi. Dereva alizima injini, akateremsha kioo, akaanza kumenya chungwa. Mtangazaji, ambaye mji mzima ulimwita Dada Spika, alipuliza maiki, akasema "halo, halo," akakunjua karatasi aliyopewa na Afisa Habari, akasoma. Karatasi ilisema kwamba Ijumaa mchana kutakuwa na mkutano wa hadhara katika ukumbi wa baraza, na kwamba kila mwananchi mwenye swali kuhusu maji ya bomba anakaribishwa kuja kuliuliza.

"Halo" ilisikika. "Ndugu wananchi" ilisikika. Yaliyofuata hayakusikika. Mdomo wake ulikwenda, taa ya mashine iliwaka kama kawaida, lakini kwenye spika mbili zilizofungwa juu ya paa la gari hakikutoka kitu ila vumbi jeupe, laini, lililoshuka taratibu na kutua kwenye boneti, kwenye viatu vilivyopangwa kando ya barabara na kwenye maganda ya chungwa. Fundi viatu mmoja alikung'uta kiatu alichokuwa akikishona, akaendelea kushona.

"Spika zimeingia kutu," dereva alisema.

"Kutu ndiyo nyeupe hivi?"

"Basi zimeingia ugonjwa mwingine. Soma tena, huenda zikapona."

Alisoma tena, kwa sababu utaratibu wa kazi yao ni kurudia kila tangazo katika kila kituo mpaka hata mwenye usingizi alisikie. Vumbi likaongezeka. Walizunguka sokoni, stendi, shuleni na mitaa ya bondeni, na kila mahali salamu ilipita vizuri na tangazo likamwagika. Jioni dereva alipanda juu ya paa na kitambaa, akapangusa huku akinung'unika kwamba aliajiriwa kuendesha, si kufanya usafi.

Ijumaa hakuja mtu mkutanoni. Mwenyekiti wa baraza alikaa mbele ya viti vitupu, na madiwani wake kushoto na kulia, mpaka muda ulipokwisha. Kisha akaamuru iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba wananchi walipewa nafasi ya kuuliza na hawakuwa na swali. Uchaguzi wa baraza ulikuwa umekaribia, kwa hiyo jambo hilo lilimfurahisha sana. Jumamosi Afisa Habari alileta karatasi nyingine, fupi, iliyosema wananchi wameridhika na huduma ya maji. Dada Spika aliisoma kwenye njia panda ileile akiwa na kitambaa tayari mkononi. Sauti yake ilitoka safi na kubwa kuliko siku zote, ikafika bondeni, ikagonga vioo vya maduka na kurudi.

Wakaipeleka mashine kwenye karakana ya fundi redio, naye akaifungua, akatazama ndani, akaifunga. Alisema kwenye maiki, "Mimi ni fundi redio," na vumbi kidogo likamwangukia begani. Akafikiri. Akasema, "Mimi ni daktari wa meno," na mtaa mzima ukasikia. Kabla hajamaliza kukunja nyaya zake, mzee mmoja mwenye shavu lililovimba alikuwa amesimama mlangoni pa karakana, ameshika taya, akiuliza kama kung'oa kunauma.

"Mashine ni nzima," fundi redio alisema. "Ila haipitishi la kweli. Hilo si tatizo la nyaya, mimi sina spana yake."

Dada Spika alikwenda kumweleza Afisa Habari, mtu mwenye mashati mazuri na simu mbili mezani. Afisa alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Tangazo langu la Jumamosi lilisikika?"

"Lilisikika, bosi."

"Basi mashine haina tatizo," alisema, akachukua simu mojawapo.

Sasa, mgeni angeweza kuuliza kwa nini gari moja bovu liwe msiba wa mji mzima. Mgeni huyo hakuwapo enzi watu wa mji ule walipoungua na habari za simu. Walikuwa wametumiwa habari za mbolea ioteshayo mazao usiku mmoja, za vita vilivyokuwa havipo, za wizi wa watoto, na katika hiyo ya wizi walimpiga muuza vitabu asiye na kosa mpaka akapoteza jicho. Waliona haya. Haya hiyo iliwafanya wakubaliane, bila kuitisha kikao, kwamba kuanzia siku ile wataamini tu lililopita kwenye spika za baraza. Ukimwambia mtu neno lolote, zito au jepesi, atakuuliza, "Limetangazwa?" Mke akimwambia mumewe ana mimba, mume atamuuliza hivyo kwa utani, lakini moyoni kidogo atakuwa anasubiri gari lipite.

Dada Spika aliishi na mama yao na kaka yake katika nyumba ya vyumba vitatu mtaa wa bondeni, jirani na bomba la umma. Kaka yake aliitwa Fundi tu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa fundi wa mitambo ya maji juu kilimani, peke yake, yeye na pampu yake na tangi kubwa la zege lenye mfuniko wa chuma. Jumapili jioni alirudi nyumbani, akavua viatu, akakaa bila kuomba chakula.

"Dawa ya kusafisha maji imekwisha," alimwambia dada yake. "Imekwisha tangu mvua za kwanza. Na bomba la maji machafu limepasuka pale karibu na shule, limelala bega kwa bega na bomba letu. Nimewaambia baraza. Wameniambia nisubiri uchaguzi upite, wasije wakaulizwa pesa ya dawa ilikwenda wapi."

"Mapacha wa hapo jirani wanaharisha tangu jana."

"Najua. Na mtaa wa pili wamezika mtoto leo." Aliinamisha kichwa. "Wewe ndiye mdomo wa mji huu, mdogo wangu. Ukikaa kimya wewe, atasema nani?"

"Sikai kimya, kaka. Nasema. Hawasikii."

Kesho yake alisema. Bila karatasi, bila ruhusa, alisimamisha gari mbele ya bomba la umma akatangaza kwamba maji yana maradhi na dawa imekwisha. Vumbi lilianguka zito mpaka wanawake waliokuwa kwenye foleni wakafunika ndoo zao kwa kanga ili lisiingie. Akajaribu njia nyingine. Amri si kweli wala si uongo, akaona huenda itapita. "Chemsheni maji!" alisema, na ikapita, ikasikika mpaka ng'ambo ya mto. Watu walitega sikio kusikia sababu. Sababu ilitoka kama vumbi. Mpaka saa sita mji ulikuwa umeafikiana kwamba Dada Spika amehongwa na muuza mkaa, na muuza mkaa, ambaye hajawahi kumpa mtu hata kibiriti, akakosa wateja wiki nzima. Jumanne Afisa Habari alileta karatasi iliyosema maji ni salama, na ile ikapita kama radi.

Alijitahidi kwa miguu. Baada ya kazi alipita nyumba kwa nyumba, akigonga, akieleza kwa mdomo wake mwenyewe. Mdomo wake bila spika ulifanya kazi vizuri kabisa. Kila neno lilisikika. Watu walimkaribisha, wakampa kiti, wakamsikiliza kwa adabu, wakamuuliza kama limetangazwa. Kisha wakamletea maji ya kunywa, kwa kuwa alionekana amechoka. Hata muuguzi wa zahanati, aliyekuwa akilaza watoto wawili wawili kitanda kimoja, alisema wazazi wanamjibu vilevile. Mama wa mapacha alikuwa amekaa kwenye kibaraza cha zahanati na kikombe mkononi, akimnywesha mmoja huku mwingine akisubiri zamu.

"Mama Pacha, hayo maji ndiyo yanayowaua," Dada Spika alimwambia.

"Dada yangu, wamekauka midomo. Niwape nini?"

"Yachemshe kwanza."

"Na jana ulisoma mwenyewe kwamba ni salama. Nilikusikia nikiwa hapahapa." Hakusema kwa ubaya. Alimpangusa mtoto kidevu, akamgeukia wa pili. Watoto walikuwa wamekonda mpaka hata mtu aliyewazoea asingeweza kuwatofautisha. Dada Spika aliondoka pale akilia barabarani, mchana kweupe, na waliompita walidhani kafiwa.

Siku hiyo ndipo alipopata wazo, na kwa wazo hilo hakuna wa kumlaumu ambaye hajawahi kumtazama mtoto akinyweshwa sumu kwa upendo. Kama spika hazipitishi kweli, basi na zipitishe uongo utakaofanya kazi ya kweli. Alimweleza dereva wakiwa wameegesha gari nyuma ya soko.

"Sema kuna mamba tangini," dereva alishauri. "Mamba ni mzuri. Hana ndugu wa kumtetea."

"Watapanda kilimani kumpiga picha. Na wakishuka watakuwa na kiu."

"Sema maji yanaotesha ndevu wanawake."

"Wanaume watakunywa."

"Sema yanaondoa nguvu za wanaume, basi."

"Watakunywa wanawake na watoto. Watoto ndio wanaokufa."

Dereva alifikiri kwa bidii. Alikuwa mtu wa moyo mwema, na utani wake ulikuwa njia yake ya kutolia. "Watu wanaogopa nini kuliko vyote?" aliuliza mwishowe, na wote wawili walijua jibu, kwa kuwa wote wawili walikuwa watu wa mji ule.

Akawasha mashine. "Ndugu wananchi," alisema, "kuna mtu ametia sumu kwenye maji ya bomba."

Ilipita. Ilipita vizuri mno. Wanawake walimwaga ndoo palepale barabarani, wenye vioski wakamwaga majagi, shule ikafunga bomba la uani kwa kamba. Watu wakaanza kuteka kwenye chemchemi ya ng'ambo ya mto, kwa foleni ndefu na bila manung'uniko, wakayachemsha na hayo pia kwa woga. Siku chache baadaye vitanda vya zahanati vilianza kubaki na nafasi. Mapacha walirudi nyumbani mgongoni na kifuani kwa mama yao, wakilia kwa sauti, na mtaa mzima ulitoka kusikiliza kilio hicho maana kilikuwa na afya. Dada Spika alifurahi, na hakuona haya kufurahi. Alipika siku hiyo yeye badala ya mama yake. Alimwambia kaka yake kwamba amewaweza.

Fundi aliweka kijiko chini.

"Umesema mtu," alisema.

"Ilibidi niseme hivyo. Ndiyo iliyopita."

"Umesema mtu, mdogo wangu. Kule juu kuna mtu mmoja tu."

Mama yao aliuliza wanazungumza nini kwa sauti ya chini kama watoto walioiba sukari. Dada Spika alisukuma sahani yake kando. Kwa siku zote hizo alikuwa amefikiri juu ya watoto, na juu ya foleni ya chemchemi, na hata juu ya muuza mkaa, lakini huyo mtu wa kwenye tangazo hakumfikiria hata mara moja. Kwake alikuwa neno tu.

"Usiende kazini kesho, kaka. Nakuomba."

"Nikizima pampu, mabomba yatavuta uchafu wote ule kuingia ndani, na hapo hata kuchemsha hakutasaidia. Halafu nisipokwenda watasema nimekimbia. Anayekimbia ndiye."

Alikwenda. Asubuhi ile watu walikuwa tayari wanaulizana ni nani, na swali hilo ni la ajabu kwa kuwa halikai muda mrefu bila jibu. Ni nani mwenye ufunguo wa mtambo? Ni nani huingia kule peke yake kila siku? Kabla ya adhuhuri umati ulikuwa umeanza kupanda kilimani. Hawakuwa watu wabaya. Baba wa mtoto aliyezikwa alikuwa mbele, na nyuma yake walikuwepo mafundi viatu, walimu wawili, mume wa Mama Pacha na mzee wa shavu, ambaye jino lake lilikuwa bado linamuuma.

Dereva aliliendesha gari pembeni mwa umati, gurudumu moja mtaroni, na Dada Spika alifungua sauti ya mashine mpaka mwisho. Alisema hakuna aliyetia sumu. Alisema yeye ndiye aliyetunga. Alisema kaka yake hana hatia, kaka yake ndiye aliyewaonya, waliopaswa kuulizwa wamekaa ofisini. Aliyasema yote kwa majina na vyeo, akipasua koo, na vumbi lilitoka kwa wingi kiasi kwamba umati wote uligeuka mweupe, vichwa, nyusi na mabega. Walijikung'uta bila kusimama. Waliokuwa na simu walirekodi, na simu zao nazo zikajaa vumbi.

Alishuka garini, akawashika watu mikono, mmoja mmoja. Mwalimu mmoja alisimama.

"Unasema wewe ndiye uliyetunga?"

"Mimi. Naapa. Nilitunga."

"Pole," mwalimu alisema, akimtazama kwa huruma ya kweli. "Ni kaka yako, hata mimi ningesema hivyo." Akawafuata wenzake.

Alasiri walishuka. Walishuka kwa utulivu, wawili wawili, na baadhi yao mikono ilikuwa imelowa mpaka viwikoni. Dada Spika alipofika juu alikuta mlango wa mtambo umevunjwa na pampu inaendelea kunguruma kama alivyoiacha Fundi. Polisi walikuwa wamekwisha kufika na kuzungusha kamba. Walimwambia hakuna kuingia, uchunguzi unaendelea. Aliwaomba wamfunulie tangi. Wakamwambia mfuniko ule unahitaji watu wanne kuuinua na wao wapo wawili. Aliita jina la kaka yake mpaka sauti ikamkauka, na askari mmoja akamsogezea chupa yake ya maji.

Mama yao hakulala wala hakulia. Alikaa kwenye mkeka karibu na mlango, na kila palipopita hatua alisema, "Huyo," kisha zikapita.

Asubuhi Afisa Habari alileta karatasi yeye mwenyewe mpaka garini, akampa Dada Spika pole ya wasiwasi alionao, akasema kwamba kazi inaweza kumsaidia mtu kutuliza mawazo. Karatasi ilisema kwamba aliyekuwa fundi wa mitambo ya maji ametoroka mji, kwamba tangi limekaguliwa, na kwamba maji sasa ni salama na mabomba yafunguliwe.

Hakuna mtu aliyewahi kushika karatasi ya baraza kwa matumaini kama yale. Dada Spika aliisoma sentensi ya kwanza kimoyomoyo. Kama kaka yake ametoroka kweli, spika zitanyamaza. Vumbi lingemwagika na yeye angecheka, angelipangusa gari zima kwa mikono yake, angelilamba. Dereva alizima injini kwenye njia panda ya mafundi viatu, na safari hii hakuwa na chungwa.

"Ndugu wananchi," alisema. "Aliyekuwa fundi wa mitambo ya maji ametoroka mji."

Ilisikika mpaka bondeni.

Dereva alitazama usukani. Dada Spika aliitupa karatasi miguuni. Maiki ilikuwa bado wazi, na alizungumza tena, polepole, akichagua maneno kwa woga kama mtu anayeingiza mkono shimoni. "Kaka yangu yu hai," alisema, akafumba macho kungoja ukimya.

Sauti ilitoka kubwa, tamu, isiyo na mkwaruzo hata mmoja. Madirisha yakafunguliwa. Mtaa wa bondeni, mwanamke mzee aliinuka kwenye mkeka wake akapiga kigelegele, na majirani wakatoka kumpongeza.

Hapo angeweza kuacha. Dereva alimshika mkono akamwambia, "Dada, inatosha." Lakini alitaka kujua kaka yake yuko wapi, kwa sababu maiti bila mahali haizikiki, na mashine aliyoifanyia kazi miaka yote ilikuwa na njia moja tu ya kumjibu. Alisema kaka yake yuko hospitali, na ikasikika, na vijana wakaonekana wakikimbia kuelekea hospitali, wengine kumwona, wengine kummalizia. Alisema yuko kituo cha polisi. Ikasikika. Alisema yuko msituni nyuma ya kilima, yuko mtoni, yuko chini ya ardhi. Yote yalisikika, na kila mara mji ulihamia upande uliotajwa.

Kisha akakaribisha maiki mdomoni mpaka ikagusa meno.

"Kaka yangu yumo ndani ya tangi la maji."

Njia panda ilinyamaza. Vumbi lilitoka kwenye spika zote mbili kwa mkupuo, likafunika paa, likashuka kwenye kioo cha mbele mpaka ndani ya gari kukawa na giza. Dereva alisubiri. Lilipokuwa haliachi kuanguka, aliwasha waipa.

Dada Spika alifungua mlango akaenda nyumbani kwa miguu, akikimbia penye nafasi na akitembea penye watu. Kwenye bomba la umma palikuwa na foleni. Watu walikuwa wamechoka na chemchemi, ambayo ni mbali na ina mlima, na nyuso zao zilikuwa na furaha ya watu waliorudishiwa kitu chao. Mama Pacha alikuwa mbele, na mapacha walicheza kwenye matope chini ya koki. Mama yake alikuwa wa pili, amejifunga kanga safi, ameshika ndoo kubwa ya nyumbani.

"Mama, twende ndani."

"Ngoja nijaze. Kaka yako anakuja, atataka kuoga na nimwekee chakula motoni. Hujui atakavyokuwa amechafuka, kulala nje."

"Mama." Alimshika mabega. Alimwambia hapohapo, kwa mdomo wake mwenyewe, kwa sauti ambayo foleni nzima ilisikia. Alimwambia yuko wapi. Alionyesha kilima, akaonyesha koki, akaonyesha yale maji yaliyokuwa yakiingia kwenye ndoo ya Mama Pacha.

Foleni ilimsikiliza kwa heshima. Mama Pacha alifunga koki kidogo ili kelele za maji zisimfunike mwenzake anapozungumza. Alipomaliza, akaifungua tena.

"Mwanangu," mama yake alisema, "nimekusikia mwenyewe asubuhi hii. Umesema yu hai. Mji mzima umesikia."

"Nilikuwa natafuta, mama. Ilikuwa njia ya kutafuta."

"Umechoka. Tangu jana hujala." Alimpapasa shavu kwa kiganja, akakuta vumbi, akampangusa kwa ncha ya kanga. "Dada yenu hajalala," aliwaambia wenzake, kama anayemwombea radhi.

"Dada, hakuna anayekuita mwongo," Mama Pacha alisema, na alimaanisha hivyo. "Kama ndivyo ilivyo, si una gari? Katangaze. Tukisikia, tunamwaga haya maji saa hiihii."

Wakati huo Mama Pacha alikuwa ameshaondoa yake, na ndoo ya mama ilikuwa chini ya koki, imejaa. Dada Spika aliisukuma kwa mguu na maji yakatambaa barabarani. Mapacha walirukaruka ndani yake. Mwanamke mmoja alivuta pumzi, wengine walitazama pembeni, kwa sababu kila mtu hapo aliwahi kuuguliwa na anajua watu hufanya nini.

Mama yake hakumgombeza. Aliiokota ndoo, akaisuuza, akaenda nyuma ya foleni na kuuliza nani wa mwisho.